Gazeti la Senti Moja

Katika zama hizi ambamo bei hupanda bila ya staha, ni ajabu kulikumbuka gazeti la Kikristo liitwalo Catholic Worker, ambalo Dorothy Day na Peter Maurin waliliasisi mjini New York, na ambalo nakala zake 2,500 za awali zilitolewa katika uwanja wa Union Square tarehe 1 Mei 1933, kwa senti moja tu, bei ambayo hata leo haijabadilishwa. Wahariri wake hawapokei mshahara. Huishi pamoja na mafukara ambao wao huwapikia supu. Lakini gazeti lilipokataa kuunga mkono vita, hata ile kuu dhidi ya Hitler, wasomaji kwa maelfu walilihama, na Bibi Day, mkaidi kwelikweli, akashikilia kauli yake hadi alipofariki mwaka 1980.