Jiki na Dawa ya Choo

Katika nyumba nyingi za mjini choo kikishasafishwa sharti kinukie dawa mpaka sebuleni, ndipo mwenye nyumba aridhike. Asiponusa kitu anauliza: "Kweli umesafisha?" Basi dada wa kazi, asije akaulizwa tena, anamimina jiki, na juu yake anaongeza dawa ya choo yenye asidi. Mlango kaufunga, kainama na brashi yake.

Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwaachilia adui zake huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutanda chini, palepale alipoinama. Ikigusa unyevu wa koo na mapafu hugeuka tindikali. Dada anatoka mbio, macho yanamchuruzika, kifua kimembana.

Wengi hupata nafuu baada ya muda mfupi. Leo nawasemea wasiopona sawasawa. Mwaka 1985, Dk. Stuart Brooks na wenzake nchini Marekani walieleza habari za watu ambao hawakuwa na matatizo ya kifua, wakavuta hewa ya kemikali kali mara moja tu, kisha wakaanza kukohoa na kutoa mluzi kifuani. Miezi ikapita, hali ikabaki ileile. Kemikali inapochubua utando wa ndani wa mirija ya hewa, neva zilizokuwa zimefunikwa hubaki wazi, na misuli ya mirija hujikaza kwa kitu kidogo: moshi wa mkaa, pilipili inayokaangwa, marashi ya abiria wa jirani kwenye daladala, baridi ya alfajiri. Nyumbani watasema anadeka. Hadeki hata kidogo. Kifua chake kimeumizwa, na kimeumizwa kazini.

Wala si lazima itokee ajali. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, ukachapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa takriban miaka 20. Wanawake waliofanya usafi, wa nyumbani au wa kuajiriwa, mapafu yao yalipungua uwezo haraka kuliko ya wanawake wasiofanya kazi hiyo.

Linaloniuma zaidi ni ile chupa. Mitaani kwetu jiki huuzwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, haina jina, haina onyo. Huyu binti atajulia wapi kwamba jiki na dawa ya choo havichanganywi? Wa kumwambia ni wewe uliyemwajiri. Dawa moja kwa wakati mmoja, na isuuzwe kwa maji mengi kabla ya kutumia nyingine. Mlango na dirisha viwe wazi. Sakafu ya kawaida inatosheka na sabuni na maji. Na tafadhali, acha kudai harufu.

Akishikwa na kikohozi au kifua kubana baada ya kusafisha, mtoe nje apate hewa safi. Akihema kwa shida, mpeleke hospitali mara moja. Usimpandishe basi la kwenda kwao na kikohozi chake. Mwambieni daktari alichovuta, saa ngapi, na kama mlango ulikuwa umefungwa, kwa sababu asipoambiwa hayo anaweza kumtibu mafua tu.