Kutembelea Bahi na Vijiji Vyake: Ziara Inayofuata Maji

Mada kwa semina ya vijana wanaojiandaa kwenda nyanjani



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutembelea mji mdogo wa mashambani na vijiji vinavyouzunguka. Nimechagua Bahi kwa sababu iko karibu na Dodoma, na ukaribu huo ndio unaowaponza wageni. Basi la kwenda Manyoni au Singida hukushusha hapo baada ya kilomita zipatazo 55 za lami. Mgeni anasaini kitabu halmashauri, anapelekwa vijiji viwili vya kando ya barabara, anakula wali, na jioni amesharudi Dodoma. Ripoti yake inasema "Bahi", kumbe alichokiona ni barabara.

Hoja yangu ni kwamba mgeni anayetaka kuielewa Bahi afuate maji: yanakotoka, yanakotuama na yanakokosekana.

2. Mji na majirani zake

Wilaya ya Bahi ilizaliwa mwaka 2007, ilipomegwa kutoka Dodoma Vijijini, lakini mji wenyewe ni wa zamani kuliko wilaya. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ilipita hapa. Leo reli ya kisasa (SGR) nayo imejengewa stesheni Bahi, katika kipande cha Morogoro hadi Makutupora chenye urefu wa kilomita 422.

Reli na barabara zinaeleza watu wanavyofika. Kinachowafanya wakae ni bonde. Bahi iko ndani ya Bonde la Ufa, chini kuliko Dodoma mjini, na Mto Bubu, unaoteremka kutoka upande wa Kondoa, huishia kwenye Bwawa la Bahi. Maji yakishaingia bwawani hayana pa kutokea; huliwa na jua. Mwaka wa mvua nzuri watu huvua kambare humo, na kandokando hulimwa mpunga ambao mchele wake unajulikana mpaka masoko ya Dodoma. Mvua ikikataa, bwawa lote hugeuka uwanda mweupe wa chumvi uliopasukapasuka.

Toka bondeni, uende vijiji vya ardhi ya juu zaidi, maisha yanabadilika. Huko ni uwele, mtama, karanga, alizeti na ufuta, pamoja na ng'ombe na mbuzi. Mboga ni mlenda uliokaushwa juani na kutwangwa, uliowekwa akiba kwa ajili ya kiangazi. Kwa hiyo aliyemhoji mkulima wa mpunga peke yake asiandike kwamba amewahoji "wakulima wa Bahi".

3. Msimu wa ziara

Ugogo, nchi ya Wagogo ambamo Bahi imo, una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani Dodoma hupata milimita zipatazo 570 kwa mwaka. Wengi wetu huenda nyanjani Julai au Agosti, kwa kuwa barabara zinapitika na mavuno yapo ghalani. Tunakuta watu wana nafasi na chakula, tunaandika kuwa hali ni nzuri. Mwezi Februari akiba imepungua, palizi imepamba moto, na mama uliyezungumza naye saa nzima hana hata dakika kumi.

Kiangazi nacho kina somo lake, ukitazama mahali panapostahili. Teremkeni kwenye korongo kavu alfajiri. Mtakuta shimo lililochimbwa mchangani, na ndani yake mwanamke akikinga maji kwa kata, kidogo kidogo, huku madumu ya lita 20 yamepangwa kwa zamu. Zamu hiyo itawaeleza nani ana punda, nani ana baiskeli na nani anajitwika kichwani. Dodoso zuri halifikii hapo.

Wazee pia huhesabu historia kwa njaa. Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, iliwakumba Wagogo baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi. Ukame ulikuwepo, ila haukuwa peke yake. Mkisikia "mvua haikunyesha", ulizeni pia nani alichukua nini.

4. Wajibu wa mgeni

Wageni katika Ugogo si jambo jipya. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilipopita, watemi wa Kigogo waliitoza hongo, nayo ikalipa ili ipate ruhusa ya kupita, maji na chakula. Wasafiri wa Kizungu walilalamika sana katika maandishi yao. Wenyeji waliona ni haki: anayekunywa kisima cha watu alipe.

Siku hizi tunachota maelezo bure, ilhali wenyeji nao wana maswali yao. Mwishoni mwa miaka ya 2000 walikuja watafiti wa madini kutafuta urani, na wakulima na wavuvi wakauliza maji yao yatakuwaje. Mpango wa bwawa la Farkwa huko Chemba, kwenye Mto Bubu, unazaa swali la aina hiyohiyo kwa walio chini ya mto. Mgeni yeyote ataulizwa maswali hayo. Asiahidi asichokimudu, lakini asiondoke kimya.

5. Mapendekezo

(a) Barua ya utambulisho ipitie kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji. Orodha ya wahojiwa, hata hivyo, isitoke ofisini tu. Ofisi huwataja walio jirani nayo. Ombeni angalau kitongoji cha mbali kabisa.

(b) Chagueni kijiji cha bondeni, cha ardhi ya juu na cha mpakani. Kintinku iko Manyoni, mkoani Singida, lakini jirani yake wa Bahi hajali mpaka wa mkoa anapouza mbuzi.

(c) Nendeni mnadani. Pale bei ya mbuzi dhidi ya bei ya debe la mtama itawaambia hali ya chakula mapema kuliko takwimu.

(d) Jifunzeni kuamkia kwa Kigogo. "Mbukwenyi" ikitamkwa vizuri hufungua mazungumzo, na wazee huanza wao kueleza.

(e) Rudini mara ya pili, msimu mwingine, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili chepesi katika mkutano mkuu wa kijiji, wenyeji wapate kuyasahihisha kabla hayajapelekwa wizarani. Bajeti isiyo na nauli ya safari hiyo ya pili isipitishwe.