HOTUBA KUHUSU MATUMIZI YA PROGRAMU ZA KOMPYUTA KATIKA USIMAMIZI WA UJENZI WA MITAMBO YA UPEPO

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa kwa watendaji wa Serikali na wananchi. Inachapishwa kwa taarifa ya wote.

Ndugu Viongozi, Ndugu Watendaji, Ndugu Wananchi,

Huenda wapo wanaojiuliza sisi wa Visiwani tunahusika vipi na mitambo ya upepo ya Nyanda za Juu Kusini. Tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Hitilafu ya mwaka 2008, na ile iliyoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010, zilituweka gizani kwa muda mrefu. Kwa hiyo namna miradi ya umeme inavyojengwa Bara ni jambo letu pia.

Katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, ipo mitambo 3 ya upepo, kila mmoja wa kilowati 800, ambayo ilianza kazi mwaka 2020. Jumla yake ni megawati 2.4. Inasaidiana na mtambo wa maji wa Mwenga wa megawati 4, uliokamilika mwaka 2012, hasa pale mto unapopungua wakati wa kiangazi.

Mradi wa namna hii ni mdogo kwa hesabu lakini mzito kwa utekelezaji. Mzigo unaosafirishwa kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hukata mamia ya kilomita na kupanda kona za mlima Kitonga. Mvua za Novemba hadi Aprili hugeuza njia za mashambani kuwa tope. Aidha, eneo huchaguliwa kwa wingi wa upepo wake, ilhali kunyanyua nguzo na mapanga kwa kreni kunahitaji upepo uliotulia. Siku moja ikipotea, kreni hukaa bure na malipo yake yanaendelea kuhesabiwa.

Ndugu Wananchi,

Hapo ndipo programu ya kusimamia ujenzi inapohitajika. Huweka ratiba, michoro, nambari ya kila kifaa, picha na taarifa za ukaguzi mahali pamoja, na huonyesha kazi ipi ikichelewa itachelewesha zote zinazofuata. Chukueni mfano wa msingi. Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Vipande vya majaribio hupimwa baada ya siku 7 na siku 28. Nguzo ikiyumba miaka kumi baadaye, shahidi pekee atakuwa picha iliyopigwa kabla ya zege na matokeo ya vipimo hivyo. Daftari lililolowa mvua halitatoa ushahidi.

Hata hivyo, programu hainunuliwi kama samani. Yapo mambo matatu ya kuzingatiwa.

Kwanza, ifanye kazi pasipo mtandao. Msimamizi aliye bondeni aandike katika kishikwambi chake, na taarifa zijipeleke zenyewe atakapofika penye mawimbi ya simu. Iwekwe kanuni juu ya nani mwenye kauli ya mwisho endapo watu wawili wamebadili taarifa moja kwa wakati mmoja. Lugha yake ieleweke na fundi anayeitumia, si mhandisi peke yake.

Pili, kumbukumbu ziwe mali ya mwenye mradi. Mkandarasi akiondoka, asiondoke na ufunguo. Zikiwemo taarifa za fidia za wanavijiji, zihifadhiwe kwa siri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka fidia ilipwe kikamilifu, kwa haki na kwa wakati, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za mtu. Mwananchi anayedai shamba lake aweze kuonyeshwa lini lilipimwa na lini alilipwa.

Tatu, ratiba zote zionekane pamoja. Jirani zetu wa Kenya walikamilisha mitambo 365 ya Ziwa Turkana, yenye megawati 310, mwaka 2017. Njia ya kusafirisha umeme huo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa chini ya mkandarasi mwingine, ambaye alifilisika. Ilikamilika Septemba 2018, na kwa ucheleweshaji huo Serikali ikalazimika kulipa fidia. Mapanga yalikuwa tayari, waya haukuwepo. Kompyuta haiwezi kuzuia mkandarasi kufilisika, lakini ratiba ya pamoja huwapa viongozi nafasi ya kuiona hatari mapema. Somo hili linafaa pia kwa njia ya kilovolti 400 ya kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma na Sumbawanga.

Ndugu Watendaji,

Kompyuta huhifadhi lile iliyopewa. Akiingiza mtu uongo, itautunza uongo huo kwa nadhifu kabisa. Kwa hiyo kila mwenye dhamana ya mradi, wa umeme, wa barabara au wa skuli, aanze kwa kuhakikisha kuwa ukaguzi umefanyika kweli, kwa jina na tarehe, ndipo uandikwe. Nanyi Ndugu Wananchi mnayo haki ya kuuliza kumbukumbu za mradi unaopita penu zinawekwa wapi, na nani anazisoma.