Ngome ya Mombasa na Kazi ya Wanafunzi wa Garsen

(Maneno ya mazungumzo kwa walimu na wanafunzi wa nchi ya Mto Tana)



Kutoka Garsen hata Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na wanafunzi wengi waendao huko huwa hawajapata kuuona mji mkubwa kama ule. Mahali ambapo hawakosi kupelekwa ni Ngome ya Yesu, ile ambayo wenyeji huiita Ngomeni tu. Wakirudi shuleni hutakiwa wafanye kazi ya pamoja juu ya yale waliyoyaona, kwa kuwa mtaala ulioanza kuenea katika shule za Kenya mwaka 2019 wamtaka mwanafunzi atende kwa mikono yake, wala asikariri tu. Basi kazi ipatikanayo mara nyingi ni ngome ndogo ya karatasi ngumu, imepakwa rangi ya udongo, na mizinga yake ni vijiti. Ni kazi ya kupendeza, na walimu huisifu. Lakini mzazi akiitazama aweza kuuliza kwa haki: Garsen yahitaji ngome ya nini?

Ili swali hilo lijibiwe, yafaa kujua kwanza ngome yenyewe ilifikiriwaje. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mchoro ulikuwa wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa mhandisi wao katika nchi za Mashariki. Wako wasemao kwamba mtu akiitazama kutoka juu huona sura ya mwanadamu aliyelala chali, na ni kweli kwamba wajenzi wa Ulaya wa zama zile walivipenda sana vipimo vya mwili wa binadamu. Si vibaya kulijua hilo, ila halikuzuia hata kombora moja. Lililozuia ni pembe. Kila pembe ya ngome imetokeza nje kwa namna ambayo askari aliyesimama katika pembe moja aliweza kuona na kupiga mpaka chini ya ukuta ulio jirani yake, adui asipate mahali pa kujibanza. Mawe ni ya matumbawe ya pwani hiyo hiyo, na msingi ni mwamba wa matumbawe uliopo mlangoni mwa bandari. Mjenzi alijiuliza adui atatoka wapi na atakuja na silaha gani, na ardhi ya mahali pale yatoa nini. Umbo lilifuata majibu.

Liko na jambo jingine, ambalo watazamaji wa mizinga hulipita. Ndani ya ngome mna birika la kukingia maji ya mvua, na mna kisima kirefu ambacho maji yake ni ya chumvi. Waomani walipoizingira ngome tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, kuta zilisimama. Waliokwisha ni watu waliokuwamo ndani, nao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Hivyo kinga ya ukuta peke yake haikutosha.

Sasa ichukuliwe kuwa wanafunzi wanane wa Garsen wamerejea na daftari zao, wakiambiwa wachore jengo la kuwafaa watu wa kwao. Nani huja kuwashambulia watu wa Garsen? Jibu halihitaji kutafutwa. Maji yalikuja mwaka 1961, yakaja 1997, na tena 2018, 2023 na 2024. Mto Tana huanza katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na mvua ikinyesha huko juu, mafuriko huweza kufika Garsen chini ya mbingu isiyo na wingu hata moja. Watu huhama na watoto wao, na masomo husimama kwa majuma.

Hapo mwanafunzi mwenye haraka atasema: basi na ujengwe ukuta. Na asizuiwe kusema, maana hata wakubwa wamewahi kusema hivyo. Katika mradi mkubwa wa mpunga wa Tana Delta, karibu na Garsen, yalijengwa maboma ya udongo ya kuzuia mto. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakayavunja na kuuharibu mradi. Mto huu hauna desturi ya kukaa ulipowekwa. Katika karne ya 19 Sultani wa Witu alichimbisha mfereji wa Belazoni ili kuuunganisha na mto Ozi. Baadaye Tana wenyewe ukaifuata njia hiyo, na hata leo huingia baharini Kipini.

Tena mto si adui kama wale waliokuja na merikebu za vita. Mafuriko yale yale yabomoayo nyumba ndiyo yaletayo udongo mpya katika mashamba ya Wapokomo, na ndiyo yaoteshayo majani ambayo ng'ombe wa Waorma huyategemea wakati wa kiangazi. Mchoro utakaozuia maji yote utawanyima wenyewe chakula.

Kwa hiyo wanafunzi hao huenda wakafaidi zaidi wakichora mahali palipoinuliwa, penye darasa moja au mawili, ambapo watu watapanda maji yajapo na kushuka yakiondoka. Lakini painuliwe kiasi gani? Hapa waende kwa wazee, waonyeshwe maji ya 1961 yalifika wapi, na ya 1997 yalifika wapi, katika shina la mwembe au ukuta wa zamani. Kisha walinganishe alama hizo kwa mpira mwembamba upitishao nuru, uliojazwa maji, kama wafanyavyo waashi. Chombo hicho ni rahisi na hakidanganyi. Baada ya hayo waifinyange nchi yao kwa udongo ndani ya karai, mto na vijiji na kile kilima kipya, wamimine maji polepole na kutazama yanakokwenda. Yakimsukumia jirani taabu, mchoro ubadilishwe.

Udongo wa kuinulia mahali hapo utatoka wapi, na shimo litakalobaki litafanywa nini? Maji safi ya kunywa yatawekwa wapi, maji machafu yakiwa yamezunguka pande zote? Choo kiwe upande gani? Birika la Ngomeni lastahili kukumbukwa hapa kuliko mizinga. Na nyumba ya Waorma, ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa nyasi na mikeka, ambayo huvunjwa na kubebwa, ina ujuzi mwingi kuliko adhaniavyo mtoto aliyerudi kutoka mjini.

Ni vema kundi hilo liwe na watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji pamoja. Njia za mifugo kwenda mtoni, ambazo huitwa malka, hupita kati ya mashamba, na ugomvi wa maji na malisho ulikuwamo katika mapigano ya 2012 na mwanzo wa 2013 yaliyoua watu zaidi ya 100 katika nchi hii. Kilima kikiziba malka, hakitakuwa kimbilio la mtu. Mtoto wa mfugaji ataliona kosa hilo katika karai kabla ya mwalimu.

Mchoro ukiwa tayari, upelekwe mbele ya wazee wa gasa wa Wapokomo na wazee wa Waorma, utandikwe mkekani, na wanafunzi waulizwe maswali. Yafaa kufanywa mwezi wa Februari, ardhi ikiwa kavu na alama za maji zingali zikionekana katika miti, kabla ya mvua za masika kuanza huko milimani.