Mawaridi ya Nyuma ya Ghala Yasing'olewe Kwanza

(Mazungumzo ya kikundi cha bustani mbele ya wanachama, Ijumaa baada ya Alasiri. Yameandikwa hapa kwa ambao hawakuhudhuria.)

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulitaka miwaridi 11 ya nyuma ya ghala ing'olewe, pahala pake tupande mchicha. Sisi wa kikundi tunaomba miezi miwili kwanza. Mchicha kila nyumba inao. Lakini harusi ikifika, asumini tunazo, mrihani upo, na waridi la kikuba tukilikosa linanunuliwa mjini kwa fedha yetu wenyewe.

Wengine wamesema miti ile imelogwa. Siyo. Chukueni jani mtazame: lina madoa meusi yenye kingo zilizochanikachanika, pembeni ya doa linageuka manjano, kisha linaanguka. Huo ni ukungu. Ili uote, wataka jani lililolowa kwa muda wa saa 7 hivi. Basi anayemwagia majani maji jioni anautandikia ugonjwa kitanda. Maji yamwagwe asubuhi, chini kwenye shina, nusu debe kila mti mara mbili kwa wiki kama mvua hakuna. Kikombe kikombe kila siku hakifai, maana kinalowesha juu tu na mizizi haishuki.

Majani yaliyoanguka yaokotwe yote yakachomwe, kwani ukungu unakaa humo ukingoja mvua. Wenzetu wa zamu, kuyasukumia chini ya mti siyo kufagia!

Sasa majivu. Jamani, majivu siyo dawa ya kila kitu. Udongo wetu huu wa mawe ya matumbawe una chokaa nyingi tayari, na majivu yanazidisha yale yale. Mwaridi hapo hushindwa kupata chuma ardhini: jani changa linapauka manjano, mishipa yake inabaki kijani. Yale majani ya mti wa tatu na wa nne ndiyo hayo. Tupeni samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka haina harufu. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Itandazwe kuzunguka mti, iache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina.

Kuhusu kufa, tumekwangua magamba kwa ukucha, mti mmoja mmoja. Chini ya gamba 9 ni kijani, yaani mizima. Miwili ni mikavu mpaka ardhini. Hiyo ing'olewe, hatubishi.

Ile 9 tutaipogoa. Tawi kavu linakatwa mpaka ndani paonekane peupe. Matawi yanayosuguana, moja linatoka, upepo upite katikati majani yakauke upesi. Tunakata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Panga halitakiwi, linaponda shina na maradhi yanapata mlango. Mkasi ufutwe kwa spiriti kila tunapohama mti. Na chipukizi linalotoka chini ya kiungo, pale mti ulipobebeshwa, ling'olewe, maana hilo ni la shina la mwitu na halitatoa waridi letu.

Tawi lililopogolewa huchukua wiki 6 hadi 8 kutoa ua. Ndiyo sababu ya ile miezi miwili.

Tunaanza Jumamosi saa 1 asubuhi. Mwenye mkasi wa kupogolea aje nao, na mwenye mbuzi amfunge.