Dunia Inapozunguka Ukiwa Kwenye Sijida



Ndugu yangu katika imani, umewahi kuinuka kutoka sijida ukaona msikiti mzima unazunguka? Mimi yamenikuta. Safari ya Meru hadi Embu niliiogopa kwa sababu ya zile kona za Nithi, na kitandani niliogopa hata kugeuka. Wengine wakasema ni jini, wengine wakasema ni saumu.

Kumbe chanzo kilikuwa sikioni. Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo mno za chokaa zinazosaidia mizani ya mwili. Zikibanduka zikaingia kwenye mifereji ya sikio, ukigeuza kichwa tu, ubongo hudanganyika kwamba unazunguka. Daktari Mmarekani, John Epley, alichapisha mwaka 1992 njia ya kuzirudisha: unalazwa, kichwa kinageuzwa hatua kwa hatua, dakika chache basi. Nilifanyiwa na mtaalamu, na alhamdulillahi nikapata nafuu. Huweza kurudi, na hutibiwa vivyo hivyo.

Lakini tahadhari! Kizunguzungu kikiandamana na ulimi mzito, kuona vitu viwili au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kimbilia hospitali mara moja.

Wala usijilaumu. Mtume (S.A.W.) alimruhusu Imran bin Huswayn, alipougua, aswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Mgonjwa pia ana ruhusa ya kufungua, alipe akipona. Basi tafuta tiba, na umshukuru Mola.

Wabillahi tawfiq.