Sukari Ikishuka Ghafla: Usiseme Amelewa
(Maneno aliyoyasema mhudumu wa maendeleo ya jamii kwa vikundi vya kujisaidia vya Makongeni, Nairobi)



 Wengine wenu mmeshahama mkaenda mitaa mingine, lakini kikundi ni kile kile na mchango ni ule ule. Sitawachosha. Leo nataka tuzungumze juu ya sukari ya mwili kushuka ghafla. Na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natembea kando ya Jogoo Road, mchana, naharakisha kwenda mkutano. Mzee mmoja wa mkokoteni alikuwa ameegemea mzigo wake, shati limeloa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Vijana walikuwa wanacheka. Mimi nikasema moyoni, "Huyu naye, saa saba tu na ameshalewa!" Nikapita.

Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kibanda cha chai, ametulia, anakula githeri. Kumbe mama wa kibanda alikuwa na dada mwenye ugonjwa wa sukari. Alimnusa yule mzee, hakusikia pombe, akamnywesha soda polepole. Mzee alikuwa amemeza vidonge vyake asubuhi, akanywa chai kavu, kisha akaruka chakula cha mchana ili amalize safari ya tatu ya mzigo. Nilipomsalimu aliniangalia akasema, "Mama, nilikuona ukipita." Sikuwa na jibu. Mimi mwenye diploma nilipita, na mama wa chai akasimama.

Basi tuelewane ni nini kilichomtokea.

SUKARI INASHUKA VIPI?

Chakula tunachokula, ugali, viazi, mkate, ndizi, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Hiyo ndiyo kuni ya mwili. Ubongo ndio unaoitegemea zaidi, na ikipungua, ubongo ndio wa kwanza kulalamika. Mwenye ugonjwa wa sukari ana shida ya sukari kuwa nyingi, kwa hiyo hupewa sindano ya insulini au vidonge vya kuishusha. Lakini dawa haijui kama umekula. Ukiidunga au kuimeza halafu usile, au ukafanya kazi ngumu kuliko kawaida, itaendelea kushusha tu. Mashine ya kupima ikisoma chini ya 4, hiyo ni hatari. Ikisoma chini ya 3, hatari ni kubwa.

Vidonge havifanani. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta shida hii. Glibenklamidi huileta, hasa kwa wazee na kwa wenye figo dhaifu, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Insulini nayo huileta. Kwa hiyo ujue jina la dawa yako. Usiseme tu "ile nyeupe ndogo".

Na si wenye ugonjwa wa sukari peke yao. Mtu anayekunywa pombe kali bila kula, mtoto mwenye malaria kali au utapiamlo, na mgonjwa anayetibiwa kwa kwinini, wote wanaweza kushukiwa na sukari.

DALILI

Njaa ya ghafla, jasho baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuumwa kichwa, macho kuona ukungu. Baadaye mtu huwa mkali bila sababu, huchanganyikiwa, huyumba, ulimi huwa mzito. Mwisho huanguka, pengine kwa degedege, na asiposaidiwa anaweza kufa. Usiku dalili ni shuka kuloa jasho, ndoto mbaya, na asubuhi kichwa kizito. Anayetumia dawa za presha kama propranololi anaweza asitetemeke wala kusikia moyo ukienda mbio. Jasho ndilo huwa linabaki, kwa hiyo aliangalie hilo.

Sasa mnaona kwa nini watu husema amelewa. Wengine husema ni mapepo, ati amerogwa. Tumwombee, sawa, lakini mkono ukiwa umeshika sukari.

UFANYE NINI?

1. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko 4 vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika nusu glasi ya maji. Au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Au kijiko kimoja kikubwa cha asali. Usianze na mandazi wala chai ya maziwa, hayo huchelewa.

2. Ngoja dakika 15. Kama bado, rudia.

3. Akipata nafuu, ale chakula cha kushiba: githeri, ugali, mkate au ndizi. Sukari ya kwanza haikai.

4. Kama hajitambui, usimtie kitu chochote mdomoni, si maji, si soda. Itaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitalini. Huko watampa glukosi kwa mshipa.

5. Anayemeza glibenklamidi aende kliniki hata akiwa amepata nafuu. Dawa ikiwa bado mwilini, sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa, hata usiku.

Mtu ataniuliza, "Je, kama sukari yake iko juu, si nitamwua nikimpa soda?" Hapana. Glasi moja haitamwua saa hiyo. Lakini akinyimwa wakati iko chini, anaweza kufa mbele yako. Kama huna mashine na una shaka, mpe. Nimeona nyumba ambayo mke alimnyima mumewe sukari kwa mapenzi, kwa sababu waliambiwa sukari ni sumu kwake. Kila siku ni sumu, lakini saa hiyo ni dawa.

MAISHA YA KILA SIKU

Dawa na chakula vitembee pamoja. Kabla ya kulima, kufua nguo nyingi, kusukuma mkokoteni au kwenda Industrial Area kwa miguu, kula kitu kwanza. Weka mfukoni peremende au glukosi ya unga, na karatasi yenye jina lako, ugonjwa wako na dawa zako. Mwenye boda boda au dereva akisikia dalili asimame kando kwanza. Ukitapika na huwezi kula, nenda kliniki uulize juu ya dawa, usikisie.

Pombe bila chakula ni mtego. Ini ndilo hutoa sukari ya akiba, na likiwa linashughulika na pombe, halitoi. Tena watu wakisikia harufu hawatakusaidia.

Juu ya kufunga wakati wa Kwaresima: Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga. Mtafute padre na daktari kabla, na ufanye toba kwa njia nyingine. Jirani zetu Waislamu nao wana ruhusa hiyo kwa mgonjwa katika Ramadhani.

Lakini jamani, msitupe dawa kwa hofu. Insulini iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, na akina Frederick Banting na Charles Best, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akadungwa. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huo wa aina ya kwanza alikuwa anangojea kifo tu. Kama sukari inashuka mara kwa mara, mwambie daktari abadilishe kipimo. Usijibadilishie.

KAZI YA KIKUNDI

Yule mzee hakuruka chakula kwa ujinga. Aliruka kwa sababu ya shilingi. Hapo ndipo kikundi kinapoingia. Mnaweza kukubaliana na mama wa kibanda kwamba mwanachama mgonjwa apewe chakula cha mchana, na alipe jioni. Mnaweza kuweka mkebe wa sukari dukani na kwenye mlango wa mkutano. Mnaweza kununua mashine moja ya kupima kutoka kwa merry-go-round, na kuchangia vile vipande vya kupimia, maana hivyo ndivyo huwa ghali. Lakini kila mtu awe na sindano yake ya kutoboa kidole, na itumike mara moja tu. Tukichangia sindano tutaambukizana Ukimwi na homa ya ini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani wenye ugonjwa wa sukari, na je, wako huru kutuambia?
2. Tukimkuta mtu barabarani anayumba, huwa tunafanya nini?
3. Ni kitu gani kimoja tunachoweza kuanza juma hili, bila kungoja mfadhili?

Mimi nilianza na peremende mbili ndani ya mkoba. Ziko hapa. Na siku hizi nikiona mtu ameegemea ukuta, nasimama kwanza, naangalia jasho, nauliza jina lake. Mara nyingi huwa kweli amelewa. Haidhuru. Afadhali nisimame bure mara kumi kuliko kuambiwa tena, "Nilikuona ukipita."